Dada Alivyoniombea

Mtoto wangu wa pili alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kiume, mzito, mwenye nywele tele, na alikuwa ametimiza miezi yake yote. Walinionyesha, nikamshika kidogo, kisha baba yake na wanaume wa jirani wakaenda kumzika. Mimi nilibaki kitandani na maziwa yakinitoka, yakilowesha gauni, bila mtu wa kuyanyonya.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kasulu. Nina meza yangu kwenye baraza la duka la vitambaa, na nilirudi kazini mapema kuliko nilivyotakiwa kwa sababu watu walitaka nguo zao za harusi. Nilikata, nikashona, nikataniana na wateja. Mtu angenipita pale asingejua lolote. Jioni nikifika nyumbani nakaa kwenye kigoda, namtazama binti yangu wa miaka minne akipanga vifungo sakafuni, na nawaza kwamba huyu mtoto angelelewa vizuri zaidi kama mimi nisingekuwepo. Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayewaza kesho apike nini. Ule utulivu ndio unaonitisha mpaka leo.

Nikaenda kituo cha afya. Sasa, sisi nyumbani tunaongea Kiha, na Kirundi cha wazazi wetu hakiko mbali nacho, na huko huzuni inakaa kwenye mutima. Mutima ni moyo, ndiyo, lakini si huu wa kudunda tu. Ndimo anamokaa mtu mwenyewe. Basi nikamwambia daktari, kijana mgeni wa huku, "Moyo unaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nijifungue."

"Unauma zaidi wakati gani?"

"Jioni."

Akaniwekea kile kipimo chake kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akanipima presha. Akanihakikishia kwamba moyo wangu ni mzima kabisa, ila nipunguze chumvi. Nipunguze chumvi! Na mimi, jamani, nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikapunguza chumvi. Mume wangu akaonja mboga akaniuliza kama duka limefungwa. Simlaumu yule daktari. Aliniuliza kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiha kilichovaa nguo za Kiswahili, na hakuna kati yetu aliyeligundua hilo.

Akabaki mtu mmoja tu wa kumwambia, naye ni dada yangu.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo sana, nikabebwa mgongoni na dada ambaye naye alikuwa bado mtoto. Wazazi wetu walivuka kutoka Burundi. Leo sote ni raia na karatasi zetu tunazo, lakini zamani zile mtu akituuliza kwetu ni wapi, dada alikuwa ananifinya paja. "Sema Munanila," ananinong'oneza, yaani nitaje kijiji cha upande huu wa mpaka. "Akiuliza zaidi, kohoa." Nimekohoa sana utotoni mwangu. Kuna mwalimu alifikia kuniagiza nikapimwe kifua. Dada hakuwahi kuteleza hata mara moja, si kwa majirani, si kwa marafiki, wala kwa mume wake mpaka walipokwishafunga ndoa. Ndiyo maana nilijua kwamba nikimpa neno, limefika mahali pa kukaa.

Aliolewa Kibondo. Nikamfuata huko wakati wa kuvuna maharage, nikamkuta nyuma ya nyumba anapepeta, nikachukua ungo nikakaa karibu naye. Tulipepeta kwa muda. Halafu nikamwambia kwa lugha yetu kwamba mutima wangu umechoka, kwamba kuna siku nawaza kujiua, na kwamba naogopa kwa sababu wazo lenyewe haliniogopeshi.

Akaweka ungo chini. Akanishika mikono yote miwili, vumbi la maharage likatuchafua sote, akalia mpaka kilemba kikamtoka. Mimi sikulia. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

"Usimwambie mtu, dada," nikasema.

"Nimwambie nani, mdogo wangu? Limeishia hapa."

Nilirudi Kasulu nikilala kwenye basi njia nzima, mdomo wazi, bila haya. Nikasema afadhali. Nina mtu.

Haukupita muda akaja mteja, mama mmoja wa kanisani kwetu, anataka gauni la kitenge la kukata kiunoni. Nikamwinua mikono, nikamzungushia tepu kifuani. Yuko hivyo hivyo mikono juu, akanitazama kwa macho ya huruma, macho ya kufiwa.

"Dada, shetani ameshindwa," akasema. "Tulifunga kwa ajili yako."

"Mlifunga kwa ajili yangu kwa nini?"

"Ile roho ya kutaka kujiua. Tumeikemea. Haina nafasi."

Tepu ikanidondoka. Nikainama kuiokota na nikabaki kule chini muda mrefu kuliko inavyohitaji kuokota tepu. Nilipoinuka nikamuuliza nani kamwambia. Kwa nia njema kabisa, maana hata hakuona ubaya wowote, akanieleza. Kibondo, ibada ya Jumapili, wakati wa mahitaji ya maombi. Dada yangu alisimama, akapewa kipaza sauti, akasema, "Wapendwa, nina mzigo." Kule kwetu kanisani mtu akisema ana mzigo, basi watu wote wanakaa vizuri, maana kinachokuja ni kizito na ni cha mtu mwingine. Akaweka mzigo wake mbele ya kusanyiko zima. Kuna mtu akaurekodi kwa simu ili na matawi mengine yaungane katika kuomba. Ombi likitoka Kibondo asubuhi, jioni liko Nyabibuye, liko Kasulu, na liko Titye.

Na Titye ndiko aliko mama mkwe wangu.

Alikuja wiki ile ile. Alisalimia vizuri, akakubali uji, akauliza habari za cherehani. Kisha akaingia chumbani na kuanza kukunja nguo za binti yangu, moja moja, akiziweka kwenye mfuko.

"Mama, unafanya nini?"

"Mwanangu, sina neno nawe," akasema. "Mtoto akae kwangu mpaka utulie."

"Nitatulia lini?"

"Mungu ndiye anajua."

Nikamtazama mume wangu. Ni fundi pikipiki, mtu wa kelele huko gereji kwake, lakini siku hiyo alikuwa anaangalia kucha zake kama vile ndiyo kwanza amezipata. Naye alikuwa ameisikia ile sauti ya dada kwenye simu ya mtu, kabla yangu. Alikuwa anaogopa kuniuliza, na alikuwa anaogopa kuondoka asubuhi akaniacha na mtoto. Ningenyamaza, wangesema unaona, amekwisha kupotea huyo. Ningepiga kelele, wangesema unaona. Basi nikapiga kelele. Niliyosema siku ile mbele ya mama mkwe siyaandiki hapa. Binti yangu alilia hadi wakatokomea barabarani, amenyoosha mkono nyuma ya bega la bibi yake.

Mnielewe vizuri. Yule mtoto ndiye aliyekuwa ananiamsha. Asubuhi ananifungua jicho kwa kidole, ananiuliza kama ndani kuna mtu. Ndiye kamba pekee iliyokuwa imebaki, na wamekuja kuikata, eti wananiokoa.

Nikapanda basi kwenda Kibondo. Sikupiga simu. Nilimkuta dada anafagia uwanja, akaniona, akaacha fagio, akafungua mikono anikumbatie. Nikapita pembeni.

"Ulisema limeishia hapa."

Akajua papo hapo. Hakuuliza lipi.

"Sikumwambia mtu," akasema. "Nilimwambia Mungu."

"Kwa kipaza sauti?"

"Sikutaja jina lako."

"Ulisemaje?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema mdogo wangu wa Kasulu. Wa tumbo moja."

"Una wadogo wangapi, dada?"

Akaliokota fagio, akalilaza tena chini.

"Una wadogo wangapi wa tumbo moja, walioko Kasulu? Nihesabie!"

Majirani wakachungulia. Wacha wachungulie, kwani kumebaki nini cha kuficha? Dada akaketi palepale kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kanga. Na sasa nitawaambia jambo moja linalonikera kuliko yote: hakuwa anaongopa. Kwake yeye, kusema ni kusema na kuomba ni kuomba. Angemwambia jirani kisimani, angejiona msaliti. Alilisema mbele ya watu mia wamefumba macho, akajiona ametimiza wajibu. Laiti angekuwa mbaya, ningejua la kumfanya.

"Ulikuwa mzigo mkubwa," akasema ndani ya kanga. "Sikulala. Ningebeba peke yangu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ungebeba peke yako. Ndiyo maana nilikuletea wewe. Mzigo wa watu wote ningeupeleka sokoni."

"Nilitaka upone."

"Wamemchukua mtoto, dada."

Hilo hakuwa amelijua. Alifunua uso, na nikaona limemchoma, na nilifurahi kwamba limemchoma. Nasema ukweli, nilifurahi. Kisha nikageuka nikarudi stendi. Aliniita kwa jina la utotoni, mara nyingi. Sikugeuka. Nilikasirika njia nzima, na hasira ilipokwisha, pale karibu na Kasulu, nikakuta hakuna kitu chini yake. Palikuwa patupu. Pale ndipo nilipoogopa kweli kweli.

Aliyeniona ni mwenye duka. Ni mzee Mwislamu, mtu wa Ujiji kwa asili, mpole, mbahili wa maneno. Alitoka ndani akasimama mbele ya meza yangu, akainua blauzi niliyokuwa nashona, akaigeuza geuza.

"Binti, umeshona mikono miwili ya kushoto."

Nikaitazama. Kweli. Nikataka kucheka, nikalia. Nililia pale barazani, mchana kweupe, watu wanapita. Hakuniambia ninyamaze. Alivuta benchi akakaa kwa namna ya kuniziba na barabara, akaanza kuongea huku anatazama mbele, kama anayeongea na vitambaa. Akanieleza kwamba mke wake, baada ya uzazi mmoja, alichanganyikiwa, akawa hataki kumgusa mtoto. Walimpeleka kwa masheikh, wakampeleka kwa waganga, mwisho muuguzi mmoja akawaambia waende hospitali ya wilaya, nyuma ya kliniki ya mama na mtoto, kuna chumba.

"Kile cha vichaa?" nikauliza.

"Ndivyo watu wanavyokiita," akasema. "Mke wangu alikuwa anakwenda. Sasa unamwona mwenyewe, ananipigia kelele kila siku, mzima wa afya. Nenda. Nenda leo, usiseme kesho. Meza nitakutazamia."

Nilikwenda nimejifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, kama mwizi. Benchi la chumba kile limeelekezwa moja kwa moja kwenye foleni ya kliniki. Aliyelipanga hakuwa na akili, na ningemwambia hivyo nikimwona. Ndani nikamkuta mama wa makamo, amevaa hijabu, muuguzi wa afya ya akili, mtu wa Tanga kwa lafudhi yake. Alinikaribisha kiti. Sikukaa.

"Samahani, wewe unasali wapi?"

Akacheka kidogo. "Msikiti wa hapa mjini. Mbona waniuliza?"

"Una ndugu Kibondo? Una ndugu Titye?"

"Mie huku sina hata shangazi, mwanangu."

"Basi nitakaa."

Nikakaa. Akasema kabla sijafungua mdomo, "Utakayonieleza humu yanabaki humu. Ila kuna jambo moja nikwambie mapema. Nikiona uhai wako uko hatarini, itabidi nimwite mtu wa kukaa nawe. Hapo nitakwambia wewe kwanza, na tutachagua pamoja ni nani." Wengine wangeogopa kusikia hivyo. Mimi ndipo nilipomwamini. Dada yangu aliniambia limeishia hapa, basi, hakuniwekea "ila" yoyote. Huyu alinionyesha mpaka uko wapi, tangu mwanzo.

Nikasema lile lile la siku zote. "Moyo unaniuma."

"Ukisema wakuuma, huko ndani kunakuwaje?"

Jamani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza kuhusu mtoto, maziwa, vifungo sakafuni, ule utulivu. Aliponiuliza, "Wafikiria kujiua?" aliuliza kwa sauti ile ile unayoulizwa nayo kama mtoto amepata chanjo. Nikajibu ndiyo. Hakushtuka, hakukemea roho yoyote. Aliuliza zaidi, mambo ya wazi kabisa, kisha tukapanga: siku hiyo nisikae nyumbani peke yangu, nani wa kuwa nami, nifanye nini wazo likinijia kwa nguvu, nije hospitali saa yoyote bila kungoja siku yangu. Nilimchagua mke wa mwenye duka. Daktari wa pale hospitali akaniandikia dawa, na kila wiki nikawa narudi kwenye lile benchi la kipumbavu. Baada ya mara kadhaa nikaacha kujifunika kitenge.

Wiki moja nikarudi nyumbani nikamkuta mume wangu amevimba kwa hasira. Kumbe alikuwa amekwenda kule mwenyewe, kimya kimya, akitaka apate neno la kumpelekea mama yake, kwamba mke wake ni mzima, mtoto arudi.

"Yule mama wa hospitali ni mjeuri!" akasema. "Nimemuuliza kuhusu mke wangu wa ndoa, ananijibu hata kama angekuwa anakujua asingeniambia. Ati kama ninaye huyo mke, nikamuulize mwenyewe!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mume wangu akanitazama kwa wasiwasi, halafu nadhani akakumbuka kwamba hicho kicheko alikuwa hajakisikia tangu msiba. Akakaa chini.

"Basi nakuuliza," akasema. "Unaendeleaje?"

Alikuwa hajaniuliza. Miezi yote ile alikuwa amesikia kila kitu juu yangu, ila hakuwa amesikia chochote kutoka kwangu. Nikamweleza. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimekwisha kumwambia yule mama nini kisemwe na nini kisisemwe. Tulipotoka, mume wangu aliniacha kwenye meza yangu, akawasha pikipiki akaenda Titye. Sijui alizungumza nini na mama yake. Najua kwamba alirudi na mtoto mbele yake kwenye tenki, amevaa sweta la bibi, na mfuko wa nguo umefungwa nyuma kwa mpira.

Binti yangu alikuwa amerefuka. Alinikimbilia, kisha akasimama hatua chache kabla ya kufika, akanichunguza. Nikapiga magoti nikamfungulia mikono, akaja. Alinukia moshi na siagi. Sikumbuki nilimshika kwa muda gani. Mume wangu ndiye aliyesema mtoto ana njaa.

Nikasonga ugali, nikapika maharage, chumvi ya kutosha. Tukakaa. Nikataka kumega, mtoto akanishika mkono.

"Bado, mama. Tuombe kwanza."

Akafumba macho kwa nguvu, akakunja ngumi, akaomba kwa sauti ya kanisani, sauti ya kikubwa: "Yesu, mlinde mama asijiue. Amina."

Mume wangu aliweka tonge chini.

"Nani amekufundisha?" nikauliza.

"Bibi. Tunaomba kila siku, na bibi wengine wanakuja. Mama, kujiua ni nini?"

Nilimwona mume wangu anafungua mdomo ili abadilishe habari. Nikamzuia kwa mkono. Miaka minne! Hata majina ya siku za juma hajayajua yote, na tayari amepewa neno hilo alishike mkononi, alirudie kila jioni kwa utii, mbele ya wageni, bila mtu kumwambia ni nini alichokishika. Lilitoka kinywani mwangu nyuma ya nyumba kule Kibondo, kwa mtu mmoja, na limezunguka lote hilo likarudi mezani kwangu kwa mdomo wa mtoto niliyekuwa namficha.

"Ni mtu kuumwa mutima sana mpaka anatamani kufa," nikamwambia. "Mama aliumwa hivyo. Sasa anatibiwa. Anakunywa dawa, na ana mtu wa kumwambia ukianza kumuuma."

Akafikiri. Uso ukamchangamka, uso wa mtoto aliyepata jibu kabla ya wenzake.

"Namjua! Mama mkubwa wa Kibondo!"

Anampenda sana dada yangu. Ana haki ya kumpenda.

"Hapana," nikasema. "Mama mkubwa, hapana."